Mjusi Asiye Mjusi: Sura ya Dinosaria na Mzigo wa Jina katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mji wa Sake uko kwenye pembe ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, kilomita zipatazo 25 magharibi ya Goma, mahali ambapo barabara ya kupanda Masisi na kuelekea Walikale huachana na ile ya kwenda Minova na Bukavu. Kwa miaka ya karibuni mji huo umejulikana zaidi kwa habari za vita na wakimbizi kuliko kwa jambo jingine lolote. Hata hivyo, ardhi yake ina historia ndefu kuliko ya watu, na historia hiyo ni ya namna mbili. Upande mmoja kuna mawe meusi ya volkano, mengine machanga kiasi kwamba watu wa karne iliyopita waliyaona yakizaliwa: kati ya mwaka 1938 na 1940 lava ya Nyamulagira ilishuka hadi kuingia ziwani karibu na Sake. Upande wa pili kuna miamba mikongwe ya milima ya Masisi, iliyokwisha kuwapo mamia ya mamilioni ya miaka kabla dinosaria wa kwanza hajatokea duniani. Baina ya ukongwe huo na uchanga huo, enzi ya dinosaria ni kama kurasa zilizonyofolewa katikati ya kitabu.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Sake hawezi kukutana na dinosaria kwa kuchimba ardhi ya kwao. Hukutana naye kwa njia mbili tu, nazo ni picha na neno. Katika shule za msingi za Kivu, Kiswahili hutumika katika madarasa ya mwanzo kabla ya Kifaransa kushika nafasi yake. Kifaransa humpa mtoto jina la kisayansi lililokwisha kutulia. Kiswahili, lugha ambayo mtoto huyo anaielewa zaidi, aghalabu humpa neno mjusi: mjusi mkubwa, mjusi wa kale, mjusi wa Tendaguru.

Makala haya yanahakiki neno hilo. Yanadai kwamba neno mjusi, pamoja na picha zinazoandamana nalo, linahifadhi katika Kiswahili ufahamu ambao sayansi ilikwisha kuuacha, na kwamba hasara ya jambo hilo inamwangukia zaidi msomaji asiye na makumbusho wala mifupa ya kumsahihisha. Ili kuthibitisha dai hilo, itabidi kwanza kueleza jinsi sura ya dinosaria ilivyobadilika, na kwa sababu zipi, hasa kwa kutumia mifupa ya Tendaguru, ambayo ndiyo mfano ulio karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili.

2.0 Jina lilivyozaliwa

Jina ambalo Kiswahili kimelitohoa kuwa dinosaria lilibuniwa na Richard Owen, mwanaanatomia wa Uingereza, mwaka 1842. Alilitoa katika maneno mawili ya Kiyunani, la kwanza likiwa na maana ya kutisha na la pili mjusi. Hakuwa wa kwanza kuwahusisha wanyama hao na mijusi. William Buckland alikwisha kumwita mnyama wake Megalosaurus, yaani mjusi mkubwa, mwaka 1824. Na mwaka 1825 Gideon Mantell alimwita wake Iguanodon kwa sababu meno yake yalishabihi yale ya iguana, mjusi wa bara la Amerika.

Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba Owen mwenyewe hakuwaona wanyama hao kuwa mijusi ya kawaida iliyokua kupita kiasi. Sababu iliyomfanya awatengee kundi lao ni tofauti zao na mijusi: pingili za nyonga zilizoshikamana, na miguu iliyosimama chini ya kiwiliwili kama nguzo, badala ya kutanuka pembeni kama ya mtambaazi. Kwa maneno mengine, jina lilikuwa nyuma ya ufahamu wa mbunifu wake tangu siku lilipozaliwa.

Sanamu zilizotengenezwa na Benjamin Waterhouse Hawkins na kuwekwa Sydenham, London, mwaka 1854, zilifuata mawazo ya Owen. Humo Iguanodon ni mnyama mzito wa miguu minne, mwenye umbo linalokaribia la kifaru, na juu ya pua yake kuna pembe. Mwaka 1878 wachimbaji wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji, walifikia viunzi kadhaa vya mifupa ya Iguanodon vilivyokuwa karibu kamili. Ndipo ilipodhihirika kwamba ile pembe haikuwa ya puani. Ilikuwa mfupa wa kidole gumba.

Louis Dollo, aliyeshughulikia mifupa hiyo mjini Brussels, alimsimamisha mnyama huyo kwa miguu miwili, mkia ukiburuta chini kama wa kangaruu. Sura hiyo ilidumu karibu karne nzima. Mwaka 1980 David Norman alionyesha kwamba mkia wa Iguanodon ulikazwa na kano zilizogeuka mfupa, hivi kwamba usingeweza kupindika namna ile bila kuvunjika. Mnyama huyo alitembea kiwiliwili kikiwa mlalo, mara nyingi akitumia miguu yote minne.

Mfano huu una funzo kwa mhakiki. Pembe iliwekwa puani kwa sababu mifupa ilikuwa michache. Hilo ni kosa la uhaba wa ushahidi. Mkia ulipindwa ilhali mifupa ilikuwa tele. Hilo ni kosa la kuona kinachotarajiwa. Makosa ya aina ya pili ndiyo magumu kuondoa, maana ushahidi mpya peke yake hauyatibu.

3.0 Tendaguru: mifupa ile ile, sura mbili

Tendaguru ni kilima kilichoko katika Mkoa wa Lindi, kusini-mashariki mwa Tanzania. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Sattler aliona mifupa mikubwa iliyojitokeza ardhini hapo. Mwaka 1907 Eberhard Fraas alifika kuichunguza, na kati ya mwaka 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin yaliendesha uchimbaji chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Nchi ilikuwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mamia ya Waafrika walichimba, wakasafisha, wakafunga na kubeba mizigo kichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilisafirishwa kwenda Ujerumani. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, fundi ambaye ujuzi wake wa kutambua na kutayarisha mifupa ulitegemewa na msafara mzima.

Miongoni mwa mifupa hiyo alikuwamo mnyama mwenye shingo ndefu ambaye Janensch, mwaka 1914, alimwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Kiunzi chake, kilichounganishwa kwa mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja, kilizinduliwa Berlin mwaka 1937. Katika usimamishaji ule, viwiko vya miguu ya mbele vilitokeza nje kwa kiasi, na mkia uliburutwa sakafuni.

Viwiko hivyo vina historia yake. Mwaka 1909, mwaka ule ule uchimbaji ulipoanza Tendaguru, Gustav Tornier, mtaalamu wa watambaazi katika makumbusho hayo hayo ya Berlin, alidai kwamba Diplodocus, jamaa wa Kimarekani wa wanyama hao, alipaswa kusimamishwa miguu ikiwa imetanuka kama ya mjusi. Hoja yake ilijengwa juu ya uainishaji: ikiwa huyu ni mtambaazi, basi na atambae. William Holland wa Pittsburgh alimjibu mwaka 1910 kwa dhihaka na kwa vipimo. Alionyesha kwamba viungo visingeweza kukaa namna ile, na kwamba kifua cha Diplodocus kilikuwa kirefu kwenda chini kiasi ambacho angehitaji handaki ardhini ili apate kutembea. Baadaye nyayo zilizogeuka mawe, zikiwamo zile alizochunguza Roland Bird kandokando ya Mto Paluxy, Texas, mwaka 1938, zilithibitisha kwamba wanyama wa aina hiyo walikanyaga karibu na mstari wa katikati ya mwili. Tornier alishindwa; hata hivyo, kivuli cha mjusi wake kilibaki katika viwiko vya kiunzi cha 1937.

Kati ya mwaka 2005 na 2007 kiunzi hicho kilibomolewa, kikasafishwa na kusimamishwa upya. Miguu ya mbele sasa imenyooka chini ya mwili, mkia uko hewani, na kimo kimefikia mita 13.27. Mifupa ni ile ile iliyobebwa kutoka Tendaguru. Nayo nadharia ya jina ilibadilika pia. Mwaka 1988 Gregory Paul alipendekeza kwamba mnyama wa Tendaguru atofautishwe na Brachiosaurus wa Marekani kwa jina Giraffatitan, yaani twiga jitu. Na mwaka 2009 Michael Taylor alitoa uthibitisho wa kina kwamba wanyama hao wawili wanastahili jenasi mbalimbali. Makadirio ya uzito nayo yalishuka: Edwin Colbert alikadiria tani 78 mwaka 1962, ilhali Taylor alipata tani 23 mwaka 2009. Tofauti hiyo inatokana na umbo linalochorwa kuizunguka mifupa: nyama kiasi gani iwekwe, na nafasi za hewa zilizokuwamo ndani ya pingili zihesabiwe vipi.

Kentrosaurus, mnyama mwingine wa Tendaguru aliyepewa jina na Hennig mwaka 1915, anatoa mfano mdogo zaidi. Mwiba wake mmoja mkubwa uliwekwa nyongani kwa miaka mingi. Visukuku vya jamaa zake vilipopatikana China vikiwa na mwiba begani, watafiti wengi waliuhamishia huko. Anayetazama picha ya Kentrosaurus anaweza kukisia umri wa picha hiyo kwa kuangalia mwiba huo ulipo.

4.0 Kinamasi na Kongo

Kosa jingine la sura linaigusa Kongo moja kwa moja. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba dinosaria wenye shingo ndefu walikuwa wazito mno kuweza kuishi nchi kavu, na kwamba walikaa ndani ya maji wakitoa kichwa nje ili kupumua. Matundu ya pua ya mnyama wa Tendaguru, yaliyo juu ya fuvu, yalichukuliwa kuwa ushahidi wa maisha hayo. Picha za vitabu zilimwonyesha amezama ziwani, huku utosi wake tu ukionekana.

Elmer Riggs, aliyempa jina Brachiosaurus wa Marekani mwaka 1903, alikwisha kusema mapema kwamba mwili wa mnyama huyo ulikuwa wa nchi kavu. Hakusikilizwa. Mwaka 1951 Kenneth Kermack alieleza kwamba mgandamizo wa maji katika kina kile ungezuia mapafu kujaa hewa. Katika miaka ya 1970 Robert Bakker na wengine walionyesha kwamba miguu, kifua na nyayo za wanyama hao zilishabihi zaidi za tembo kuliko za kiboko. Mwaka 2001 Lawrence Witmer alitoa hoja kwamba pua zenyewe, yaani nyama na ngozi yake, hazikuwa utosini. Zilikuwa mbele, karibu na mdomo.

Wakati sura hiyo ya majini ilipokuwa bado na nguvu, ilikutana na sura nyingine, nayo ni ile ya Afrika ya Kati kama nchi ya vinamasi isiyofikiwa na wakati. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Hamburg, aliandika katika kumbukumbu zake, mwishoni mwa mwongo wa kwanza wa karne ya 20, kwamba alipata habari za mnyama wa namna hiyo katika mabwawa ya ndani ya Rhodesia. Baadaye uvumi uliotia fora ni ule wa mokele-mbembe wa Likouala, katika Kongo ya Brazzaville, ambaye Roy Mackal alifunga safari mwaka 1980 na 1981 kumtafuta. Hakuna mfupa wala mzoga uliopatikana.

Kinachostahili kuzingatiwa na mhakiki ni umbo la uvumi huo. Mnyama anayetafutwa kinamasini ni yule yule wa vitabu vya zamani: mwenye shingo ndefu, mkia wa kuburuta na maisha ya majini. Wageni waliokwenda kumtafuta dinosaria aliye hai waliongozwa na mchoro ambao sayansi ilikuwa tayari inaufuta. Zaidi ya hayo, dhana mbili zilisaidiana. Ilidhaniwa kwamba dinosaria hakubadilika, na ilidhaniwa pia kwamba Kongo haikubadilika. Hivyo kila dhana ikawa ushahidi wa nyenzake. Lava iliyopo Sake inatosha kuikanusha dhana ya pili. Ni nchi chache duniani ambamo watu wameona ardhi mpya ikitokea kwa kiasi hicho, na kwa tarehe zinazojulikana.

5.0 Manyoya, rangi na kurudi nyuma

Badiliko kubwa kuliko yote linahusu ukoo. Katika miaka ya 1860 Thomas Huxley aliona kwamba miguu na nyonga za baadhi ya dinosaria zilikaribiana mno na za ndege. Wazo hilo lilififia, kisha likafufuliwa na John Ostrom, ambaye mwaka 1969 alimwelezea Deinonychus, mwindaji mwepesi mwenye kucha ya kuchomoza, na katika miaka iliyofuata akalinganisha mifupa yake na ya Archaeopteryx, ndege wa kale. Mwaka 1996 ilitangazwa nchini China habari ya Sinosauropteryx, dinosaria mdogo aliyehifadhiwa pamoja na nyuzinyuzi za manyoya. Baada yake walifuata wengine wengi. Mwaka 2010 watafiti waliweza hata kusema juu ya rangi: kwa kuchunguza chembe za rangi zilizosalia ndani ya nyuzi hizo, walieleza kwamba mkia wa Sinosauropteryx ulikuwa na mistari ya hudhurungi na nyeupe.

Leo wataalamu walio wengi mno wanakubali kwamba ndege ni tawi la dinosaria lililosalia. Katika ukoo huo, jamaa wa karibu wa dinosaria na ndege ni mamba. Mjusi yuko mbali. Kuku anayedonoa uani ni wa ukoo wenyewe wa dinosaria. Mjusi anayepanda ukutani si wa ukoo huo, na undugu wao hukutana mbali sana nyuma.

Ni muhimu kusema kwamba mabadiliko haya hayaendi upande mmoja daima. Baada ya Yutyrannus, mwindaji mkubwa wa China mwenye manyoya, kutangazwa mwaka 2012, wachoraji wengi walimvika manyoya pia Tyrannosaurus wa Marekani. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa alama za ngozi yake zilizoonyesha magamba sehemu kadhaa za mwili, na manyoya mengi yakapunguzwa. Spinosaurus wa Misri, aliyepewa jina na Ernst Stromer mwaka 1915 na ambaye mifupa yake ya kwanza iliteketea München mwaka 1944 katika shambulio la mabomu, amepata mkia mpana kama kasia tangu visukuku vya Morocco vilipoelezwa mwaka 2020. Na bado wataalamu wanabishana kama aliogelea kweli au alivizia samaki kandokando ya maji. Ndiyo kusema, hata sura ya leo ina tarehe yake.

6.0 Kiswahili ndani ya majina ya sayansi

Wakati lugha ya kawaida ya Kiswahili ikiendelea kusema mjusi, majina kadhaa ya kisayansi yametungwa kwa maneno ya Kiswahili, na yanastahili kusomwa kwa makini na wanaisimu.

Mwaka 2010 mnyama aliyepatikana katika miamba ya Manda, kusini mwa Tanzania, aliitwa Asilisaurus kongwe. Si dinosaria kamili bali jamaa wa karibu, na umuhimu wake ni kwamba alitembea kwa miguu minne, ilhali jamaa hao walitarajiwa kuwa wawindaji wadogo wa miguu miwili. Matarajio hayo yalipata pigo jingine mwaka 2017, alipoelezwa Teleocrater wa miamba hiyo hiyo, mnyama mrefu wa miguu minne mwenye kifundo kinachofanana na cha mamba. Kisarufi, jina Asilisaurus ni chotara: asili ya Kiswahili imeunganishwa na mjusi wa Kiyunani. Kivumishi kongwe kimekaa bila kiambishi cha m- wala cha mi-, kama kinavyopaswa kukaa kikifuata nomino asili.

Mwaka 2017 lilitolewa jina Shingopana songwensis kwa dinosaria mwenye shingo ndefu wa bonde la Rukwa. Hapa upatanisho umetimia, shingo ikiwa pana, na mjusi hayumo. Mwaka 2019 likafuata Mnyamawamtuka moyowamkia. Mtuka ni mto ambao kandokando yake mifupa ilipatikana. Moyo wa mkia ni sifa ya pingili za mkia zenye umbo la moyo. Majina yote mawili yamejengwa kwa nomino na a-unganifu, kisha yakaandikwa kama neno moja kufuata taratibu za majina ya wanyama.

Inafaa kulitazama neno lililochaguliwa katika jina hilo la mwisho. Ni mnyama. Neno hilo halidai undugu usiothibitishwa wala halichori miguu iliyotanuka. Linasema tu kwamba kiumbe huyo alipatikana Mtuka na mkia wake una pingili za namna fulani. Kwa kipimo cha usahihi, majina haya yamekipita Kiswahili cha magazeti na cha madarasa, ingawa yametungwa kwa Kiswahili hicho hicho.

Majina pia huamua nani anakumbukwa. Dysalotosaurus wa Tendaguru aliunganishwa mwaka 1919 na jina la Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani katika Afrika ya Mashariki. Boheti bin Amrani alingoja hadi mwaka 2007, ambapo Kristian Remes alitoa jina Australodocus bohetii. Kusahihisha jina, basi, si kazi ya anatomia peke yake.

7.0 Hoja za kulitetea neno mjusi

Zipo hoja nne zinazoweza kutolewa kulitetea neno mjusi, na kila moja ina uzito wake.

Hoja ya kwanza ni kwamba hata jina la kisayansi lina mjusi ndani yake. Hiyo ni kweli. Lakini mjusi huyo amefichwa katika Kiyunani. Anayesema dinosaria hafikirii mjusi isipokuwa awe amefundishwa etimolojia. Anayesema mjusi mkubwa anamwona mjusi papo hapo, akitambaa, mwenye magamba, damu baridi na miguu iliyotanuka. Neno la kwanza ni chombo kinachoweza kujazwa ufahamu mpya kila unapopatikana, ilhali la pili limekwisha kujaa.

Hoja ya pili ni kwamba lugha zote husema mambo yasiyo sahihi kisayansi bila madhara. Jua huchomoza na kuchwa katika Kiswahili, na hakuna msomaji anayepotoka. Mfano huo, hata hivyo, haulingani na huu. Jua linaonekana na kila mtu, na somo la jiografia hulieleza kila mwaka. Dinosaria hamwoni mtu yeyote. Pale ambapo neno ndilo dirisha pekee, doa lililo kwenye kioo huchukuliwa kuwa ni sehemu ya mandhari.

Hoja ya tatu inatokana na kanuni za uundaji wa istilahi, zinazotaka kuanza na hazina ya Kiswahili chenyewe na ya lugha za Kibantu kabla ya kukopa. Kanuni hiyo ni njema, lakini lengo lake ni uwazi, na uwazi unaopotosha haukidhi lengo hilo. Iwapo neno la asili linatakiwa, mnyama wa kale ni salama zaidi kuliko mjusi wa kale. Iwapo neno la kitaalamu linatakiwa, dinosaria limekwisha kuenea; kinachobaki ni kusawazisha tahajia, maana mtu hukuta dinosaria, dinosauri na hata dinosau, na kusawazisha upatanisho wake katika ngeli ya viumbe hai.

Hoja ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Kwa Watanzania wengi, mjusi wa Tendaguru si istilahi ya zoolojia. Ni jina la kitu kilichochukuliwa. Suala la kurejeshwa kwake limezungumzwa zaidi ya mara moja katika Bunge la Tanzania, na neno mjusi ndilo lililobeba madai hayo. Kulifuta kungekuwa kufuta sehemu ya historia ya madai yenyewe. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, na suluhisho lake ni kutofautisha matumizi mawili. Mjusi wa Tendaguru libaki kama jina maalumu la kiunzi kilichoko Berlin, kama vile majina mengi maalumu yanavyobaki bila kutazamwa maana yake ya asili. Lakini lisitumike kama nomino ya jumla ya kuwaainisha wanyama hao wote, na hasa lisitumike katika kitabu cha sayansi.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba sura ya dinosaria imebadilika kwa sababu mbalimbali: mifupa mipya, vipimo vipya, na wakati mwingine kuitazama upya mifupa ya zamani. Imeonyeshwa pia kwamba neno linaweza kuuzuia ufahamu, kama lilivyomzuia Tornier, aliyeanza na uainishaji akaishia kupinda viungo. Kiswahili hakina sababu ya kurudia safari hiyo.

Mapendekezo yanayofuata kutokana na uhakiki huu ni machache na hayana gharama kubwa. Waandishi wa vitabu na wafasiri watumie dinosaria kama nomino ya jumla. Kila picha ya mnyama wa kale iandikwe mwaka wake wa kuchorwa, ili msomaji ajue anatazama ufahamu wa wakati gani. Kiunzi cha 1937 na cha 2007 vikiwekwa bega kwa bega vitafundisha jinsi sayansi inavyofanya kazi kuliko ukurasa mzima wa maelezo. Majina kama Shingopana na Mnyamawamtuka yaingizwe katika masomo ya Kiswahili yenyewe, chini ya mofolojia, kwa kuwa yanafundisha upatanisho na sayansi kwa pamoja.

Kwa mwanafunzi wa Lindi, kosa la kitabu linaweza kusahihishwa siku moja na mfupa utakaochomoza shambani. Mwanafunzi wa Sake hana bahati hiyo, kwa kuwa miamba ya kwao iliiruka enzi ile. Lakini anaishi juu ya mawe yenye tarehe, na hahitaji kuambiwa mara mbili kwamba dunia ya jana haikuwa na umbo la leo. Kinachotakiwa ni kwamba lugha anayofundishwa kwayo isimwambie kinyume chake.